Binti Amepata 9.6, Kitabu Kinasema 9.81



Juma hili mama mmoja ametuletea swali ambalo kwa juu juu ni la mwalimu wa fizikia, lakini ndani yake ni swali la malezi. Binti yake yuko kidato cha tatu. Darasani walipewa jaribio la pendulamu, yaani gololi ya chuma iliyofungwa kwenye uzi na kuachwa ibembee, ili wapate kima cha mvuto wa ardhi, kile kinachoandikwa kwa herufi g. Binti akapiga hesabu yake akapata 9.6. Wenzake waliopata kama yeye wakafuta na kuandika 9.81, kwa kuwa ndivyo kilivyosema kitabu. Alipouliza nyumbani, mama akamwambia aandike kama wenzake asije akapoteza alama. Sasa mama hana utulivu. Je, amemfundisha mwanawe uongo, ama ni jambo dogo la shule lisilofaa kukuzwa?

Dada yangu, moyo wako haukukudanganya. Ripoti ya maabara ni ushahidi. Mwanafunzi anaeleza alichokifanya kwa mikono yake na alichokiona kwa macho yake, na msomaji wa ripoti hana njia ya kurudi chumbani mle kushuhudia. Anayeandika namba asiyoipata ametoa ushahidi wa jambo ambalo hakuliona, na hilo halibadiliki kwa sababu namba yenyewe imo kitabuni.

Tuache hukumu kidogo, tutazame kazi yenyewe, maana mama amefanya jambo la maana sana kwa kutunakilia vipimo kutoka daftari la binti. Urefu wa uzi sentimita 49. Mibembeo 20 kwa sekunde 28.4. Ukigawanya, mbembeo mmoja ni sekunde 1.42, na hesabu yake inatoa 9.6 kama alivyoandika. Hakukosea hesabu hata kidogo. Lakini pembeni, kwa herufi ndogo, binti ameandika kuwa kipenyo cha gololi ni sentimita 2. Hapo ndipo penye siri. Urefu wa pendulamu haukomi pale uzi unapogusa gololi; hupimwa kuanzia pale uzi uliponing'inizwa mpaka katikati ya gololi. Kwa hivyo urefu halisi ulikuwa sentimita 50, si 49. Ukirudia hesabu kwa sentimita 50, unapata 9.79.

Angalieni basi kilichopotea kwa ule ufutio. Ile 9.6 ilikuwa inamwambia binti kwamba kuna sentimita moja ameisahau. Alipoifuta akaandika 9.81, sauti hiyo ikanyamaza, na kosa lake la kupima likabaki naye likimngoja kwenye mtihani. Mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne una karatasi nzima ya majaribio ya fizikia, karatasi ya tatu, na sehemu kubwa ya alama zake hutoka kwenye jedwali la vipimo, grafu na hesabu zinazotokana na vipimo hivyo. Aliyezoea kuanzia kwenye jibu na kurudi nyuma hujikuta hapo mikono mitupu.

Kuna jambo jingine, nami nakiri linanifurahisha. Hiyo 9.81 si ya kwetu. Ni kima cha nchi kama Uingereza na Ufaransa, kule vitabu vingi vya fizikia vilikotungwa. Mombasa iko karibu nyuzi 4 kusini ya ikweta, usawa wa bahari, na hapa kima cha g ni karibu 9.78. Ardhi imevimba kiunoni, kwa hivyo sisi wa ikweta tuko mbali kidogo zaidi na kitovu chake. Tena inazunguka, na mzunguko huo hupunguza mvuto kidogo, zaidi kwetu kuliko kwa watu wa kaskazini. Watoto wa pwani wanaofuta vipimo vyao ili vilingane na 9.81 wanaifuta nchi yao wenyewe wanakaa London.

Jambo hili lilianza kugunduliwa na mtu aliyekataa kufuta. Mwaka 1672 Jean Richer alitumwa kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika ya Kusini, mji ulio karibu nyuzi 5 kaskazini ya ikweta, sawasawa na sisi tulivyo upande wa pili. Pendulamu iliyobembea kwa sekunde barabara kule Paris, huko Cayenne ilichelewa, kiasi cha dakika mbili na nusu kwa siku. Ili irudi kwenye sekunde ilimlazimu aifupishe, na upungufu wenyewe haufiki milimita 3. Kwa wengine ingekuwa rahisi kusema chombo kimeharibika njiani. Richer alipima, akarudia, miezi kumi akirudia, kisha akaandika alichokiona. Baadhi ya wakubwa wa elimu kule Paris walidhani amekosea. Mwaka 1687 Newton akakitumia kipimo hicho katika kitabu chake kuwa ushahidi kwamba ardhi si duara kamili.

Tusimpe binti sifa asizostahiki, hata hivyo. Asidhani kwamba ile 9.79 yake imethibitisha uvimbe wa ardhi. Kidole cha binadamu huchelewa kubonyeza saa kwa kiasi cha sehemu mbili za kumi za sekunde, na kwa mibembeo 20 ya uzi kama wake uchelevu huo unaweza kulisogeza jibu kwa 0.1 juu au chini. Jibu la haki ni 9.8, na shaka ya 0.1 kila upande. Shaka hiyo iandikwe, wala asiione aibu: ni kipimo cha uaminifu wa namba. Ndiyo sababu pia hesabu huchukuliwa kwa mibembeo 20 badala ya mmoja. Kuchelewa kule kule kwa kidole, kukigawanywa kwa ishirini, kunabaki kidogo.

Akina mama ambao hawakusoma fizikia wasijione wametengwa na kazi hii. Uzi, kufuli la mlango na saa ya simu vinatosha kulirudia jaribio hili sebuleni, almuradi uzi uvutwe kando kidogo tu, si kwa upana mkubwa. Na mtoto akikuletea ripoti, mwulize akuonyeshe ukurasa wa kwanza, ule alioandikia pale mezani kabla ya kunakili vizuri. Ukiwa safi mno, hauna hata namba moja iliyokatwa, ulizia zaidi. Namba iliyokosewa hukatwa kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, haifutwi.

Kwa walio na watoto vyuoni, mambo ni mazito zaidi, kwani huko ripoti hununuliwa. Inajulikana kuwa nchini mwetu wako vijana wanaoishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao, na sasa programu za akili bandia nazo hutoa ripoti nzima yenye majedwali ya vipimo ambavyo hakuna mtu aliyevipima. Mwanao akiomba fedha kwa ajili hiyo, usimpe. Kumlipia mwalimu wa ziada amwelekeze ni jambo jingine, na hilo ni haki yake kama una uwezo.

Ama binti wa kidato cha tatu, ushauri wangu ni huu. Ikiwa daftari halijasahihishwa, aikate ile 9.81 kwa mstari mmoja, arudishe 9.6 yake na vipimo vilivyoizaa. Chini yake aeleze kwa sentensi mbili kwamba alipima uzi peke yake akaacha nusu ya kipenyo cha gololi, kisha aweke hesabu mpya ya sentimita 50 pamoja na shaka yake. Ikiwa limeshasahihishwa, amwendee mwalimu na ukurasa ule ule, amwombe nafasi ya kupima tena. Nawe mama, mwambie kwamba uliporudia kulifikiri jambo lenyewe uliona vingine.