Ukiagiza baiskeli ya mizigo, usibane fedha kwenye uma

Mkulima wa Sindeni au Mkata anapokwenda kwa fundi kuundiwa baiskeli ya kubebea mahindi, huuliza mambo mawili: karia itabeba gunia ngapi, na bei ni shilingi ngapi. Ni wachache wanaouliza uma wa mbele, au foku, umetengenezwa kwa kitu gani.

Kwa maoni yangu, hilo ndilo swali lililopaswa kutangulia.

Nimeona gharama ya kutouliza. Mjomba wangu, mkulima wa Handeni, aliundiwa uma kwa vipande vya bomba la maji. Siku moja, akiteremka na gunia la mahindi kuelekea Korogwe, uma ulikatika pale juu unapoungana na usukani. Alivunjika mkono, mahindi yakamwagika, na shamba la vuli likalimwa na vibarua wa kulipwa.

Tuangalie vifaa vyenyewe. Aluminiamu ni nyepesi, kama theluthi moja ya uzito wa chuma cha ujazo uleule, na haili kutu kama chuma. Lakini uwezo wake wa kukataa kupinda nao ni theluthi moja tu. Aidha, huchoka kidogo kidogo kwa kila shimo la barabara, na kuichomelea kunahitaji mashine ambayo fundi wa chini ya mwembe hana.

Nyuzi za kaboni ni za baiskeli za mashindano. Zikipata ufa wa ndani jicho halioni, na hukatika ghafla.

Chuma ni kizito, lakini mara nyingi hupinda kabla ya kukatika. Yaani kinakuonya. Hata baiskeli ya Buffalo, iliyobuniwa na shirika la World Bicycle Relief kwa ajili ya barabara za vijijini na kubeba kilo 100 kwenye karia, ni ya chuma.

Ikumbukwe kuwa si kila chuma kinafaa. Bomba la maji halikutengenezwa kwa ajili ya mishtuko. Zinki yake isipokwanguliwa hudhoofisha kiungo, na moshi wake humdhuru fundi.

Ushauri wangu ni huu: nunua uma wa chuma wa kiwandani, wa aina ya baiskeli nzito kama Phoenix au Avon. Kisha fundi aongeze vyuma viwili vya kusaidia, kutoka kwenye ekseli hadi chini ya usukani. Aunge kwa gesi na shaba, kwa sababu umeme huunguza bomba jembamba kwa urahisi.

Utasema ni ghali. Tuchukue mfano wa kukokotoa tu: uma wa Sh15,000 unaodumu miezi minane, na wa Sh40,000 unaodumu miaka minne. Katika miaka hiyo minne utanunua uma sita za bei rahisi, sawa na Sh90,000. Hapo sijahesabu siku za soko zilizopotea, wala hospitali.

Lakini mzigo huu usiachiwe mkulima peke yake. Halmashauri za Handeni na Korogwe hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana mafundi baiskeli wenye mitungi ya gesi na mafunzo mafupi ya VETA au SIDO kingewafaa wakulima wengi kila msimu.

Wapo wanaosema zama za baiskeli zimepita, bodaboda zimechukua nafasi. Pikipiki ina kasi, sikatai, lakini kila safari inadai petroli. Kwa mwenye gunia mbili za kuuza, petroli hiyo ndiyo faida yenyewe.

Kabla ya kupakia mzigo kesho, futa vumbi na uangalie pale uma unapoungana na bomba la usukani. Rangi iliyopasuka au mstari wa kutu ni dalili ya ufa. Usipouziba ufa huo, wa baiskeli hautakudai ukuta. Utakudai mkono, na msimu mzima.