Mboga au Kitoweo?

Kumezuka katika nyumba zetu ugomvi usio na faida, nao ni wa mume na mke kugombea maneno. Tuchukue mfano. Binti wa Mombasa ameolewa Moshi na Mchaga, Muislamu mwenzake. Mume auliza mbele ya wageni: "Mama watoto, leo mboga gani?" Bibi acheka: "Leo hakuna mboga, bwana. Leo ni nyama, na nyama ni kitoweo. Nyinyi watu wa bara mtajua lini Kiswahili?" Wageni wacheka. Mume anyamaza.

Wako watakaosema bibi ana haki, kwani Pwani mboga ni majani, na nyama na samaki ni kitoweo. Sisi twasema amekosa, tena mara mbili.

Kosa la kwanza ni la ujuzi. Bara, mboga ni chochote kiteremshacho ugali, kiwe mchicha au nyama. Mume asema kama wasemavyo kwao. Na bibi asijisahau: mwaka 1928, mkutano uliofanyika huko huko Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na mashule. Tangu hapo, mtoto wa Mvita aandikapo "ndia" na "mato", mwalimu humsahihisha aandike "njia" na "macho". Je, bibi angependa Mzanzibari amcheke mbele ya wageni?

Kosa la pili ni la dini, nalo ndilo kubwa. Sayyidna Umar alimsikia Hisham bin Hakim akisoma Suratul Furqan kwa namna asiyoijua yeye. Alimkamata kwa nguo yake, akampeleka kwa Mtume (S.A.W.). Mtume aliwasikiliza wote wawili, na kila mmoja akamwambia kuwa ndivyo ilivyoteremshwa. Ikiwa kisomo cha Qur'ani kilipewa wasaa huo, sembuse jina la kilichomo chunguni?

Hatusemi lugha iachwe iharibike. Mwenye kujua na afunze, lakini kwa upole, tena faraghani, naye awe tayari kufunzwa. Lakini ugomvi huu si wa neno. Ni kiburi chetu sisi watu wa Pwani, tudhanio kuwa ulimi wetu ni cheo.

Mwenyezi Mungu amewafanya mume na mke kuwa vazi, huyu kwa huyu. Kazi ya vazi ni kusitiri. Basi ni vazi gani hili limwachalo mwenyewe uchi mbele za watu? Mwenyezi Mungu atuongoe. Amin.