Kalipa Nyekundu Si Breki

Vyote ving'aavyo si dhahabu. Kaka yangu alizipaka rangi nyekundu kalipa, yaani vibano vya breki, za Subaru Impreza yake, akaanza kututambia mtaani. Siku moja tukiteremka kuelekea Mai Mahiu akakanyaga breki, gari likavuta kushoto. Nusura tutumbukie bondeni!

Fundi alifungua gurudumu la kulia akatikisa kichwa. Kalipa ile ina pistoni upande mmoja tu. Ili ibane diski pande zote mbili, sharti iteleze kwenye pini zake. Lo! Pini zilikuwa zimekauka grisi, zikakwama. Pedi ya ndani imelika, ya nje karibu mpya!

Sasa kaka anataka zile Brembo za WRX STI. Hizo hazitelezi, mbele zina pistoni 4, mbili kila upande. Ni nzuri, sikatai. Lakini ati abaki na rimu za inchi 15! Haziingii, zataka 17. Na silinda kuu isipolingana nazo, pedali itazama.

Maoni yangu ni haya: tuzielewe breki kabla ya kuzirembesha. Grisi kidogo tu ingetuepusha na balaa. Ama mwasemaje, wenzangu?