Mpunga Ndani ya Karai

Nilikwenda Mwea kutafuta pishori ya harusi ya mwanangu, nikajikuta ndani ya shule ya msingi ya Wakatoliki. Mwenyeji wangu, Mwislamu auzaye mchele pale Ngurubani, ana mtoto humo. Nilikunja uso. Wazee wetu walituonya na shule za misheni, na hawakuonya bure.

Watoto walikuwa wameotesha mpunga katika karai. "Babu," binti mmoja aliniambia (babu mimi!), "miche hukaa kitaluni kama wiki tatu, ndipo tukaihamisha." Mikono yake tope tupu.

Mtaala huu wa umilisi ulianza nchini kote mwaka 2019, na kwetu pwani ni huo huo. Basi mbona wanetu husomeshwa samaki kwa picha ya kitabuni, na bahari iko nyuma ya darasa? Mimi chuoni nilichonga kalamu ya tete kwa mkono wangu kabla sijaandika alifu. Padre hakuleta jipya.

Naomba mwalimu mmoja tu, wa Lamu au wa Vanga, awatoe watoto wakajifunze kufuma nyavu. Manahodha wa kuwaonyesha wapo, wamekaa barazani tangu alasiri.