Hesabu Aijua, Swali Ndilo Asilolijua

Pasaka imekwisha, mvua za masika zinaelekea ukingoni, na watoto wamerudi shuleni kwa muhula wa tatu. Nao ni muhula usiongoja mtu. Mara utasikia Mei Mosi imepita, mara Sikukuu ya Kupaa Bwana imepita, na kabla hujashona sare iliyochanika, mitihani imebisha hodi.

Apitaye asubuhi karibu na shule yoyote ya kanisa hapa Bujumbura, iwe ya parokia ama ya Waprotestanti, huujua muhula huu kwa masikio. Kwanza fagio za uani, kisha kengele, kisha sala na wimbo, halafu kimya. Kadiri mwezi wa Juni unavyokaribia, kimya kile huzidi kuwa kizito. Madarasa ya juu hubakizwa mchana kwa marudio. Kwaya ya watoto hufanya mazoezi ya misa ya kufunga mwaka, na wengine hufundishwa kutembea kwa mistari kwa ajili ya tarehe 1 Julai, siku tuliyopata uhuru mwaka 1962. Mpira wa miguu nao hufungiwa ofisini kwa mkuu wa shule. Hapo mimi huwa sikubaliani na wakuu wa shule, kwani mtoto aliyekimbia nusu saa jioni hulala vema kuliko yule aliyekalishwa kitini toka alfajiri. Lakini ofisi si yangu.

Mwisho wa yote huja siku ya kutangazwa matokeo, ile ambayo sote tumezoea kuiita proklamasio. Wazazi hukusanyika uani wamevaa nguo zao za Jumapili, watoto hupangwa kidarasa, na mwalimu husoma majina kwa nafasi: wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka chini kabisa. Yule ambaye jina lake halikusomwa huelewa mwenyewe. Nimehudhuria siku hizo mara nyingi, na macho yangu hayaendi kwa yule wa kwanza anayepigiwa makofi. Huenda kwa yule aliyesimama mwisho wa mstari, anayesikiliza orodha ikifupika huku mama yake akitazama chini.

Nina sababu ya kumtazama huyo, nami leo nitaisema ingawa hainipambi.

Mwaka 2011 baba watoto alikuwa Somalia. Majeshi yetu yalikuwa Mogadishu tangu mwishoni mwa 2007, na wake wa askari wanaosoma ukurasa huu wanajua maana ya kulala na simu chini ya mto. Kifungua mimba wetu alikuwa darasa la tano. Katika muhula huu huu wa tatu akaja nyumbani na karatasi ya hesabu: sifuri juu ya kumi. Sikumwuliza neno. Nilimkemea mbele ya wadogo zake, nikamkataza kutoka nje juma zima, na baba yake alipopiga simu nikamshitaki. Baba mtu, kwa sauti iliyokuwa ikija na kupotea, akasema: "Mwambie mimi sikuja huku ili yeye acheze." Mtoto alisikia. Tangu siku hiyo akawa kila akifungua daftari la hesabu mikono inamtetemeka.

Sasa tazameni upumbavu wangu. Mtoto huyo huyo ndiye aliyekuwa akinisaidia kuuza ndagala jioni. Mteja hutoa noti, hununua vikombe vitatu, na yule mtoto hurudisha chenji bila kukosea hata faranga moja, tena upesi kuliko mimi. Sikupata kujiuliza: yawezekanaje mtu awe hodari sokoni na mjinga darasani, kwa hesabu zile zile?

Aliyejiuliza ni mzee jirani yetu, mwalimu mstaafu, ambaye sote twamwita Babu. Alikuja kununua ndagala, akasikia kisa, akaomba aione karatasi. Akamwita mtoto, akamwambia: "Mjukuu wangu, nisomee swali la kwanza." Mtoto akasoma Kifaransa chake vizuri kabisa: itafutwe différence kati ya 45 na 28. "Haya," akasema Babu, "sasa niambie kwa Kiswahili, wanataka nini?" Mtoto akafikiri, akajibu: "Wanauliza hizi namba zinatofautianaje. Nikaandika, hii inaanza na nne na ile inaanza na mbili."

Babu alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akauliza kwa Kiswahili: "Una ndagala vikombe 45. Umeuza 28. Vimebaki vingapi?" Kabla hajafunga mdomo, mtoto alikwisha sema: "Kumi na saba."

Ndugu wasomaji, nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimemwadhibu mtoto juma zima kwa neno moja la Kifaransa.

Jambo hili si la mwanangu peke yake, na chanzo chake kinajulikana. Katika shule zetu mtoto hufundishwa kwa Kirundi miaka minne ya mwanzo. Kirundi kilitiwa nguvu shuleni kwa mageuzi yaliyoanza mwaka 1973, na mageuzi yale yalikuwa na faida kubwa, kwani mtoto huanza kusoma katika lugha ya nchi yake. Afikapo darasa la tano, masomo hugeuka kuwa ya Kifaransa. Hesabu ni zile zile, ila zimevaa nguo ngeni. Kwa mtoto wa Buyenzi ama Bwiza ngazi ni mbili, maana yeye nyumbani na barabarani hunena Kiswahili, akaingia darasani akakuta Kirundi, na alipokwisha kukizoea akakutana na Kifaransa. Tangu katikati ya miaka ya 2000, nchi ilipokuwa ikijiandaa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo tulijiunga nayo mwaka 2007, Kiswahili na Kiingereza navyo vikawa masomo. Mkoba wa mtoto una lugha nne. Sisemi ni vibaya. Nasema ni mzito, na abebaye ni mdogo.

Wazee wa Buyenzi wana kisa chao katika haya. Enzi za Wabelgiji shule zilikuwa karibu zote mikononi mwa misheni, na wengi wao, kwa kuwa ni Waislamu, walisita kuwapeleka watoto huko wakihofia dini yao. Leo mama wa Buyenzi aliyejifunga mtandio humsindikiza binti yake mpaka kwenye lango la shule ya parokia na kumwachia hapo kwa amani. Lakini mama huyo, ambaye pengine hakuiona shule yenyewe, huniambia: "Mimi nitamsaidiaje? Kifaransa sikijui."

Jibu langu ni kwamba asiyejua Kifaransa ndiye msaidizi bora. Anayekijua hukosa subira, humwambia mtoto jibu na kuondoka. Asiyekijua hana budi kuuliza. Fanya hivi: kila jioni, mtoto akisha kula, mwambie achague swali moja tu katika daftari. Alisome kwa sauti. Kisha afunge daftari akueleze kwa lugha ya nyumbani, kama anayemweleza mgeni, ni kitu gani kinachotakiwa. Usimruhusu kujibu kwanza. Akikwama, neno lililomkwamisha ndilo ugonjwa wenyewe: alipigie mstari kwa kalamu ya risasi, na kesho amwulize mwalimu neno hilo moja. Mwalimu mwenye watoto wengi hawezi kujibu "sielewi hesabu", lakini "neno hili maana yake nini?" atalijibu hata akiwa anatembea.

Maneno yenyewe, kwa bahati nzuri, si mengi. Babu alituandikia machache ukutani kwa chaki, nami nayaandika hapa kama alivyotueleza. Différence katika hesabu ni kutoa. Reste ni kinachobaki, wala si mapumziko, ingawa watoto huyachanganya kwa sababu repos hulifanana sikioni. Moitié ni nusu. Chacun ni kila mmoja, na likitokea aghalabu kuna kugawanya. Mwanangu aliyajua yote katika siku nane.

Nimewataja walimu, nami sitaki mtu adhani ninawalaumu. Mwaka 2005 Rais Pierre Nkurunziza alipofuta ada ya shule za msingi, watoto waliokuwa wakikaa nyumbani kwa umaskini walifurika madarasani, nayo ilikuwa furaha. Hata hivyo kuta hazikupanuka siku ile ile. Imekuwa si ajabu kukuta watoto zaidi ya themanini mbele ya mwalimu mmoja. Huyo atamwuliza nani na kumwacha nani? Kazi ya kumsikiliza mtoto mmoja mmoja imebaki kwetu.

Ukali wetu sisi wazazi pia una asili yake. Tuliosoma zamani twaukumbuka mtihani wa taifa wa darasa la sita. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na mtoto aliyeshindwa alirudia darasa lile lile mara mbili, mara tatu, mpaka sare ikawa haimtoshi. Mwaka 2013 ulipoanzishwa mpango wa shule ya msingi ya miaka tisa, wengi walipata njia ya kuendelea na darasa la saba, na kundi la kwanza la mpango ule lilimaliza la tisa mwaka 2016. Mlango ule mwembamba ulisogezwa mbele, lakini hofu yake ilibaki vifuani mwetu, nasi twawarithisha watoto wa darasa la tatu ambao hawana mtihani wa taifa wowote.

Kwa chakula na afya nitasema machache, maana mengi mwayajua. Siku za mitihani si siku za kujaribu vyakula vipya. Uji asubuhi, na jioni maharagwe, sombe au ndagala, vyatosha. Baada ya mvua mbu huzidi, na malaria haingoji mtihani uishe. Mnakumbuka serikali ilitangaza mlipuko wake mwezi Machi 2017. Mtoto anayesinzia juu ya daftari mguse paji la uso kabla ya kumwita mvivu, na chandarua kiteremshwe kabla ya giza. Umeme ukikatika, alale. Mshumaa wa saa sita za usiku huchoma macho na wakati mwingine huchoma nyumba.

Neno lililobaki ni lenu, akina baba mlio mbali. Mpigapo simu, swali lenu la kwanza huwa: "Amekuwa wa ngapi?" Naelewa. Dakika ni chache, na namba ni habari fupi. Lakini mtoto huijua namba yake tayari, na asipoipenda hukimbia simu. Mwulizeni: "Juma hili ni swali gani lililokushinda?" Hapo atakuwa na la kusimulia, naye ataona kwamba kushindwa swali si siri ya kumficha baba. Na wale mtakaohamishwa kituo katikati ya muhula, kama kazi yenu ilivyo, tafadhali mkiweza mwacheni mtoto kwa shangazi ama kwa nyanya amalize mitihani yake pale alipoanza. Shule mpya mwezi wa Mei ni mzigo asioustahili.

Mwanangu mwaka ule alitajwa. Nilihesabu majina kwa vidole chini ya mtandio: alikuwa wa hamsini na mbili, na walioitwa walikuwa sabini na kidogo. Hakupigiwa makofi ila na Babu, aliyekuja na fimbo yake bila kualikwa. Njiani hatukusema sana. Jioni simu ikaita kutoka Mogadishu. Nilikuwa nimekwisha kumsimulia baba watoto habari ya différence, naye alinyamaza muda mrefu siku ile, hata nikadhani laini imekatika. Safari hii hakuuliza namba. Akauliza ni swali gani lililomshinda mwanawe katika mtihani.

"Ni lile la treni, baba," mtoto akajibu. "Treni mbili zinatoka miji miwili, zinakutana wapi. Maneno yote niliyajua. Lakini huku kwetu hakuna reli, nami treni sijapata kuiona. Nikawa najiuliza kama zikikutana hazitagongana."

Nilimsikia baba yake akicheka huko aliko, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, kisha akaanza kumweleza treni ni kitu gani, mpaka kadi ya simu ikaisha.