Uso wa mbega hauanzii dukani

Kikundi cha maigizo kinapotaka kumgeuza mchezaji awe mnyama, mjadala huanzia kwenye bei ya rangi za jukwaani kutoka ng'ambo, na mara nyingi hufia hapo hapo. Naona tunaanzia mahali pasipofaa. Ubora wa uso wa mnyama unatokana kwanza na kumtazama mnyama mwenyewe, na kwa hilo Arusha imejaliwa. Chini ya Mlima Meru, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, wapo mbega, kima, nyani, twiga na ngiri. Simba hayumo, na bado ndiye tunayekimbilia kumchora, kwa kunakili picha za watu wengine.

Mtazame mbega. Uso mweusi, mzunguko mweupe kuanzia paji la uso, mashavuni hadi kidevuni, kisha manyoya marefu meupe yanayoning'inia mbavuni. Kwa mchezaji mwenye ngozi nyeusi, nusu ya kazi imeshafanyika: katikati ya uso panaachwa kama palivyo, macho yanakolezwa wanja, nyeupe inapita pembeni tu. Nyeupe hiyo inapatikana duka la dawa. Ni marhamu ya zinki, inayolainishwa kwa matone ya mafuta ya nazi na kukaushwa kwa poda. Wala huo si ujanja wa maskini, kwani rangi za jukwaani za Ujerumani ya karne ya 19 zilitengenezwa kwa zinki nyeupe na udongo wa rangi uliochanganywa na mafuta ya nguruwe. Twiga naye ni rahisi kuliko anavyodhaniwa. Usichore mabaka, chora mistari ya rangi ya maziwa, ngozi inayobaki katikati ndiyo mabaka yenyewe, na kingo zake ziwe na meno meno kama za twiga wa Kimaasai. Manyoya yawe ya uzi wa sufu au pamba, kwa kuwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kumiliki ngozi ya mnyamapori bila kibali.

Wapo watakaosema rangi hizi zitayeyuka kwa jasho na kuumbuka mbele ya kamera. Jasho linadhibitiwa kwa tabaka nyembamba, kila moja ikipigwa poda. Kuhusu kamera ya karibu nakubali: nyani wa filamu ya Planet of the Apes ya 1968 walihitaji vipande vya povu la mpira vya msanii wa vipodozi John Chambers. Jukwaa halidai hayo. Mwongozaji Julie Taymor, kwenye The Lion King ya jukwaani ya 1997, aliweka vinyago vingi juu ya kichwa ili uso wa mtu uonekane. Hoja nzito zaidi ni usalama, na hapo sina mzaha. Chokaa huunguza ngozi, na rangi ya ukuta na gundi ya viatu hazikutengenezwa kwa ajili ya uso, hasa wa mtoto. Bana matumizi kwingine kote, ila kinachogusa ngozi kiwe kipodozi au dawa halali. Vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu 2019. Kila kinachopakwa kijaribiwe siku moja kabla, ndani ya kiwiko. Na kwenye bajeti, nauli ya hadi lango la Ngurdoto, kiingilio na daftari la kuchorea vitangulie brashi.