Tahariri: Malalamiko Hayaandiki Habari

Si nadra, baada ya sala, kusikia katika baraza za misikiti ya Upanga na Kariakoo malalamiko kwamba vyombo vya habari havitutendei haki. Tunauliza: ni wazazi wangapi miongoni mwetu waliompeleka kijana wao chuoni kusomea mawasiliano ya umma?

Vyuo vipo. Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1975, kiliingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro nacho hufundisha fani hiyo.

Wapo wanaodhani kwamba msomi wake huishia kusoma taarifa redioni. Sivyo. Humo hutoka mhariri, mtayarishaji wa vipindi, afisa uhusiano wa hospitali au wizara, mtaalamu wa matangazo na mwalimu.

Wala kipaji peke yake hakitoshi. Kanuni za mwaka 2017 za Sheria ya Huduma za Habari zilimtaka mwandishi awe na angalau stashahada.

Wanafunzi wetu wa madrasa hufunzwa kuchunguza isnadi: nani kapokea kwa nani, na je, ni mkweli? Huo ndio msingi wa uandishi wa habari. Basi mzazi ambaye mwanawe anasubiri matokeo ya kidato cha nne au cha sita, na azungumze naye juu ya fani hii kabla ya kuomba chuo. Vinginevyo, habari zetu zitaandikwa na wengine, nasi tutabaki barazani tukilalamika.